Mwaka wa Mafundo Yaliyolegea

Mwezi uliopita nilikaa tena jikoni kwa Mama Wairimu, huko Naro Moru, nikimenya viazi pamoja na wanawake ambao wengi wao sikuwafahamu. Ilikuwa siku iliyotangulia mazishi ya mumewe, Mzee Ndiritu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani, na moshi wa kuni, uliposhindwa kupanda, ukarudi ndani na kukaa nasi kama mgeni mwingine. Mwanamke aliyekuwa akikatakata kabeji alinitazama kwa muda, kisha akauliza, “Na huyu ni wa kwa nani?” Mama Wairimu hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. “Huyu ni yule wa kamba,” akasema. Jiko zima likacheka, kicheko cha chini kinachoruhusiwa matangani. “Ai! Ndiye huyu? Yule alikuwa anachezesha Ndiritu na kamba mwaka mzima, ati ni dawa?” “Ndiye. Na alikuwa mwembamba, tukadhani upepo wa huku utambeba.” Nikacheka nao. Nimefanya kazi hospitalini mjini Nyeri kwa miaka kadhaa sasa, na huko huniita kwa cheo changu. Lakini nilipolisikia lile jina la zamani nilihisi kwamba nimeitwa mimi, na kwamba mwaka ule ambao nimekuwa nikiuwaza kama ndoto ulikuwa umetokea kweli, kwa kuwa wengine pia waliukumbuka.

Mwaka wenyewe ulianza nilipomaliza chuo nikiwa na stashahada, na imani iliyoizidi stashahada hiyo. Nilikuwa nimesomea tiba ya kumrudishia mgonjwa matumizi ya mwili wake kwa njia ya kazi za kawaida: kufunga vifungo vya shati, kukoroga uji, kufuma, kusuka. Nilikuwa nasubiri kupangiwa kituo cha kazi, na kwa kuwa sikutaka kusubiri nikiwa nimekaa, nilijitolea katika zahanati ndogo isiyokuwa na mtu wa taaluma yangu. Niliamini, kama ninavyoamini hata leo, kwamba mkono wa mtu si chombo tu. Ndiyo njia anayopitia kuingia katika maisha ya wenzake, na anayeupoteza hupoteza sehemu ya nafasi yake miongoni mwa watu. Nilikuwa nikiyasema haya hata kwenye foleni ya maji, bila kuulizwa. Chuoni, mwalimu wetu wa kazi za mikono alikuwa ametufundisha mafundo ya Kiselti, mapambo ambayo watu wa kale wa Ayalandi na Uskoti waliyachonga kwenye mawe na kuyachora katika vitabu vyao vya sala, nasi tukayasuka kwa kigwe, yaani kamba nyembamba na laini ya pamba. Kigwe kimoja hupita juu ya chenyewe, kisha chini, kisha juu tena, kikijipinda na kujirudia mpaka ncha zake mbili zikutane na kufichwa kwa nyuma, na anayelitazama fundo asijue lilikoanzia. Wenzangu wengi waliyasahau baada ya mtihani. Mimi yalinikaa mikononi. Nilipokuwa na wasiwasi nilisuka, na mwaka ule nilikuwa na wasiwasi mwingi.

Nilipanga chumba katika ua wa Mzee Ndiritu. Ukuta uliokitenganisha na jiko lao ulikuwa wa mabanzi yasiyokutana vizuri, hivi kwamba harufu ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na mazungumzo ya familia vilinifikia kwa pamoja. Alfajiri nilipofungua dirisha, mlima ulikuwa pale, karibu mno, mweupe kileleni, kama kitu ambacho mtu alikiota kisha akakisahau nje. Jua likishapanda kidogo, mawingu yaliufunika, na mji ukaendelea na biashara zake za viazi na vitunguu kana kwamba haujawahi kuwa na mlima. Sijui kama ni hewa ile nyembamba au ni ujana, lakini mambo ya mwaka ule hunijia yakiwa na kingo laini: mlio wa ng'ombe usiojulikana unatoka upande gani, harufu ya majani ya saiprasi yaliyolowa, sauti ya Mama Wairimu akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikuyu na kuukatiza katikati ili kumfukuza kuku. Wakati mwingine nikiwa wodini leo, nikimsubiri mgonjwa anyooshe kidole ambacho hakitaki kunyooka, hujikuta nimerudi katika ua ule, na hunichukua muda kukumbuka niko mwaka gani.

Mzee Ndiritu alikuwa kiongozi wa wapanda mlima tangu ujana wake. Alikuwa amewapandisha wageni kutoka kila upande wa dunia, na Kiswahili chake, alichokiokota kambini, alikipenda na kukitumia hata na mkewe. Kiharusi kilimpata shambani akivuna viazi, kikamwachia mguu wa kuburura kidogo na mkono wa kulia uliojikunja. Watu hudhani mkono wa kiharusi hulegea tu. Mara nyingi mwanzoni hulegea, kisha hukaza. Vidole hufumba kama ngumi, na mgonjwa akishika kitu hawezi kukiachia. Mzee aliposhika kikombe cha chai, mkewe alilazimika kumfumbua kidole kimoja kimoja, naye alitazama pembeni, dirishani, mpaka kazi hiyo ikaisha. Sikuwahi kumwona akimshukuru wala akimkaripia. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite ndipo aendelee na safari.

Siku ya kwanza nilimkuta amekaa uani juani, nikamwekea magotini ubao laini wa saiprasi, pini, na kigwe cheupe. Nikamwonyesha fundo moja dogo nililokuwa nimelimaliza. Aliligeuza kwa mkono wa kushoto, akalivuta, akalitazama kwa nyuma.

“Hii fundo inashika nini?” akauliza.

“Haishiki kitu, mzee.”

“Hata mbuzi?”

“Hata mbuzi.”

Akageukia mlango wa jiko. “Mama Wairimu, kuja uone maajabu! Mtoto wa watu amesoma mpaka akajua kufunga kitu haishiki mbuzi.”

“Mbuzi ni wewe,” sauti ikajibu kutoka ndani. “Kaa chini ufungwe.”

Alikaa, akafungwa, kama tulivyozoea kusema baadaye. Asubuhi baada ya asubuhi aliongoza kigwe kwa mkono wa kushoto, nami nikamtaka atumie ule wa kulia kushikilia makutano kila kigwe kilipopita juu ya kingine. Alielewa haraka. Macho yaliyozoea kusoma njia katika mwamba hayakupata taabu na juu na chini za fundo. Hata hivyo, kila fundo aliloanza liliharibika, na liliharibika kwa kosa ambalo mtu wa mlima peke yake angelifanya. Mafundo haya yanatakiwa kubaki yamelegea mpaka mwisho, mapana kama utando wa buibui, na ndipo mtu huanza kuusogeza ulegevu taratibu kutoka kona hadi kona, akizunguka njia yote, mara nyingi, hadi umbo likae. Ukivuta mahali pamoja tu, lote hujikunyata na kuwa kibonge. Mzee hakuweza kujizuia. Akishapitisha kigwe mara ya mwisho, mkono wa kushoto uliruka wenyewe na kuvuta, kwa nguvu, kama alivyovuta maisha yake yote. “Usivute, mzee,” nikamwambia. “Najua,” akajibu, akitazama kibonge mkononi mwake. “Lakini mkono haijui. Kule juu, fundo ikilegea, hiyo ni maiti.”

Nilidhani tunapambana na mazoea tu, mpaka jioni moja nilipokuwa nikila viazi vyangu kitandani na kusikia, kupitia mabanzi, sababu ya bidii yake. Viongozi wa mlima wa pale walikuwa na desturi. Anayetaka kujiunga nao hupimwa kwenye machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji, kabla hajakabidhiwa roho za watu. Siku hiyo hajifungi kamba mwenyewe. Anafungiwa na yule anayemdhamini, na mdhamini akishafunga hulishika fundo kiunoni pa mpandaji mbele ya wenzake. Mpandaji haondoki mpaka mdhamini aachie. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa fundo hilo, na wanaosimama pale husubiri kimya. Wairimu, binti yao, aliyekuwa rika langu na aliyekuwa tayari amepanda na babake kama mpagazi, alitaka kupimwa kiangazi baada ya mwaka mpya. Mzee alikuwa amesema mbele ya wote, kabla ya kiharusi, kwamba kamba ya Wairimu ataifunga yeye.

“Mwambie Kariuki akufunge,” Mama Wairimu alikuwa akimwambia. Kariuki alikuwa kiongozi mwenzake mzee, aliyepanda naye miaka mingi. “Kariuki ni kama ndugu ya babako.”

“Siwezi, maitu. Baba hata hatakasirika. Atanyamaza tu. Si unajua vile hunyamaza?”

“Basi ngoja mwaka ule mwingine.”

“Na kama mkono imekataa hata mwaka ule mwingine?”

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mara kadhaa zaidi ya ilivyohitajika. “Sasa unalia juu ya uji,” akasema hatimaye. “Lilia kando. Uji iko na chumvi tayari.”

Tangu jioni hiyo sikuweza kuutazama ule ubao kama nilivyoutazama awali. Chuoni walitufundisha kumpa mgonjwa tumaini na kumwambia ukweli, na hakuna aliyetuambia la kufanya pale viwili hivyo vinapokataa kukaa kwenye kiti kimoja. Siku moja mvua ya mawe ilitukimbiza kutoka uani, tukakaa jikoni tukitazama punje nyeupe zikirukaruka mlangoni. Mzee alikuwa ameiweka ngumi yake juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukitunza. Akauliza bila kunitazama, “Itarudi?”

“Sijui, mzee.”

“Daktari mzuri angenidanganya.”

“Labda. Lakini ungekuja kujua.”

“Wazungu huniuliza hivyo hivyo, kama tutafika juu. Mimi huwaambia, sijui, lakini leo tunafika kambi.” Kisha akacheka kidogo. “Sasa wewe, leo tunafika kambi gani?”

Nikamwambia kwamba leo hatufungi chochote. Sijui wazo hilo lilinijiaje. Huenda lilitokana na ile mvua, jinsi ilivyokuwa ikipiga kwa nguvu na kuacha, kupiga na kuacha. Nilifunga fundo mimi mwenyewe, nikalikaza makusudi, nikampa, nikamwambia kazi yake ni kulilegeza: asukume ulegevu kwenye njia ya kigwe kwa mkono wa kushoto, na kila anapofika kwenye makutano, ule wa kulia ushike, kisha uachie. Kushika hakukuwa na shida. Kuachia ndiko kulikotaka kukandwa kwa maji ya moto kwanza, na pumzi ndefu, na mara nyingi mkono wangu kuusaidia wake. Kigwe chembamba kilikuwa kikipotea ndani ya ngumi yake, hivyo nilikwenda Nanyuki kutafuta kinene zaidi. Niliingia dukani kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza kamba na hatamu kwa wafugaji. “Ni ya kufunga ng'ombe ama ngamia, binti yangu?” akaniuliza. Nikasema si ya kufunga mnyama, ni ya kufungua. Alinitazama kwa huruma, akanikatia kipande kirefu cha kamba laini ya pamba, na akaniombea kwa Mungu anijalie kheri katika kufungua huko.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa namna ya ajabu zaidi, kama mchana mmoja mrefu usio na mipaka. Jua la huko juu halichomi. Hukaa tu mabegani. Tulikaa uani, ubao katikati yetu, nyuki wakiingia na kutoka katika maua ya maharagwe, na Mzee akaanza, bila kuombwa, kuifuata ile kamba kama anayefuata njia ya mlima. “Hapa tumetoka msituni,” alinong'ona kidole kikiwa kwenye kona ya kwanza. “Hapa ni matope. Kila mtu hutukana hapa, hata mapadri.” Akapita chini ya kamba nyingine. “Hapa kuna mmea mrefu kama mtu amesimama. Ukiwa umechoka utamsalimia.” Akafika kwenye makutano, mkono wa kulia ukashika. “Hapa tunalala. Baridi. Maji inaganda ndani ya chupa.” Kisha, akiwa amekwishakwenda mbali na ua wetu, akiwa labda juu kabisa mahali ambapo mtu husikia moyo wake masikioni, aliendelea na safari, na mkono wa kulia ukaiachia kamba na kufuata. Ulifunguka polepole kama kitu kinachoamka. Mama Wairimu alikuwa mlangoni na bakuli la unga, akaona pia, akasimama palepale. Mzee alifika kileleni, akarudi, akatutazama. “Mbona mmekauka?” akauliza. Alipoutazama mkono wake, ulikuwa umeshafumba.

Sitaki kuandika kana kwamba kila kitu kilikwenda mbele tangu hapo. Kuna siku mkono ulifunguka kwa kamba na ukakataa kwa kikombe. Kuna wiki haukufunguka kabisa, na Mzee alirudia kunyamaza kwake, akala bila kuongea, akalala mapema. Lakini tulijifunza pamoja kuurudufisha mchoro: ukishamaliza fundo la Kiselti kwa mstari mmoja, kamba huongozwa tena kwenye njia ileile, ubavuni pa ile ya kwanza, juu kwa juu na chini kwa chini, ikiifuata kwa uaminifu mpaka mistari iwe miwili. Siku aliyofanya hivyo mara ya kwanza alisimama kwa msisimko. Fundo ambalo wapandaji hujifungia kiunoni, lile wanaloliita fundo la nane, hufungwa vivyo hivyo: unaweka umbo la nane moja, kisha unairudisha kamba kwenye njia yake. “Kumbe ulikuwa unanifundisha kazi yangu!” akaniambia kwa hasira ya mzaha. Nikamwambia sikulijua hilo, na ilikuwa kweli. Wairimu alianza kuja jioni na kipande cha kamba ya mlimani, akasimama mbele ya babake na kungoja, mikono nyuma, kama mtoto anayefungwa tai ya shule. Mara nyingine Mzee alilimaliza fundo. Mara nyingine giza liliingia kabla hajalimaliza, na Wairimu akasema, “Ni poa, baba, kesho,” kwa sauti nyepesi kupita kiasi.

Asubuhi ya kupimwa haikuwa na wingu. Mlima ulikuwa wote nje, na kila aliyefika machimboni aliutazama kwanza kabla ya kusalimia watu. Ukuta wa mawe ulipanda wima, wa kijivu, ukitona maji sehemu moja. Viongozi walikuwa wamesimama nusu duara na kofia zao za sufu, wakitaniana kuhusu nani amenenepa. “Kariuki, wewe kamba siku hizi haikuzunguki!” “Nizungushe na ya kwako, iko na nafasi.” Kariuki ndiye angeshikilia ncha ya pili ya kamba, iliyopitishwa juu ya ukuta, Wairimu akipanda. Mzee Ndiritu aliposogea mbele, akiburura mguu, utani ukafa.

Wairimu alisimama mbele yake akiwa amevaa helmeti na mkanda wa kiunoni. Mzee alichukua ncha ya kamba kwa mkono wa kushoto. Akaweka umbo la nane, akalibana kwa ngumi ya kulia kama mtu anayetumia koleo, akapitisha ncha kwenye mkanda, kisha akaanza kuirudisha njiani. Ilichukua muda mrefu. Upepo ulikuwa ukimgeuzia kola ya koti na hakuna aliyejongea kumnyooshea. Alipomaliza alilivuta, nguvu zote, mara moja, nami nikasikia mtu nyuma yangu akishusha pumzi. Fundo lilikuwa sahihi. Kariuki alilikagua kwa macho, mikono yake nyuma, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo Mzee akalishika fundo kwa mkono wa kulia, kama desturi inavyotaka, na mkono ukafumba, na ukabaki.

Nilijua mara moja. Vifundo vya vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe na kiwiko kilikuwa kinapanda chenyewe. Sijui tulisimama kwa muda gani. Mama Wairimu alikuwa ameshika kinywa. Kijana mmoja wa kiongozi fulani alikohoa na akatazamwa vibaya. Nilipiga hatua mbele, mikono yangu ikiwa tayari imeshafikiri inachotaka kufanya, na Mzee akasema bila kugeuka, “Kaa hapo.” Nikakaa. Wairimu hakuvuta kamba wala hakurudi nyuma. Alikuwa amesimama karibu na babake kiasi kwamba pumzi zao zilionekana kama moshi mmoja.

“Baba, niende?”

“Ngoja.”

Akafumba macho. Akavuta hewa na kuitoa, akavuta tena. Kidole kidogo kilitangulia, kikatetemeka, kikasita. Kikafuata cha pili, kisha cha kati, na hapo vyote vikasimama kana kwamba vimesahau vilikokuwa vikienda. Niliomba, mimi niliyekuwa na nadharia kuhusu kila kitu, kwa maneno ya kitoto kabisa. Kisha kidole cha shahada kikanyooka, na kidole gumba kikaliachia fundo kama mtu anayeachia mlango taratibu usiwaamshe waliolala.

“Sasa enda,” akasema.

Wairimu akageuka, akaweka mkono kwenye jiwe na mguu juu ya jiwe lingine, na akapanda. Kariuki akaanza kuivuta kamba kadiri alivyopanda. Watu walirudi kuzungumza, wakamwelekeza kwa sauti, wakamtania, wakapiga mbinja. Mzee Ndiritu hakuelekeza wala hakupiga mbinja. Alisimama pale alipoachwa, shingo nyuma, uso juani, na mkono wa kulia ukiwa bado mbele yake, wazi, kiganja juu. Hakukumbuka kuushusha mpaka binti yake alipokuwa juu kabisa ya ukuta, mdogo, akitupungia sisi sote.